Siku 240 na daftari lililo kabatini kwa mwajiri

Ukisoma hukumu za India kuhusu vibarua walioachishwa kazi, utadhani wanaobishana wanabishania sheria. Mara nyingi sheria haina utata. Kinachobishaniwa ni daftari: nani alihudhuria, kwa siku ngapi, na karatasi zenyewe anazo nani. Kwa maoni yangu, Mahakama ya Juu ya India ilikosea mwaka 2002 ilipomtwika kibarua mzigo wa kuthibitisha kwamba alitimiza siku za kazi zinazotakiwa, jambo ambalo kumbukumbu zake zote huandikwa na kutunzwa na mwajiri. Hukumu zilizofuata zimeziba sehemu tu ya ufa huo.

Sheria yenyewe, hadi Novemba 2025, ilikuwa kifungu cha 25F cha Sheria ya Migogoro ya Viwandani ya 1947. Mfanyakazi aliyetumikia mwaka mmoja mfululizo hapunguzwi kazini mpaka apewe notisi ya maandishi ya mwezi mmoja yenye sababu, au mshahara wa mwezi huo badala ya notisi. Alipwe pia fidia ya siku 15 za mshahara wa wastani kwa kila mwaka kamili, na kipande cha mwaka kinachozidi miezi sita kinahesabiwa kuwa mwaka mzima. Kisha serikali ijulishwe. Huo "mwaka mfululizo" ulikuwa na tafsiri yake katika kifungu cha 25B: siku 240 za kazi ndani ya miezi 12 zinatosha, na kwa wanaofanya kazi chini ya ardhi migodini ni 190.

Chukua mtu wa rupia 15,000 kwa mwezi aliyefanya kazi miaka mitatu na miezi saba. Miaka inakuwa minne. Hapa wahasibu wengi hukosea: hugawa mshahara kwa 26 kwa sababu ndivyo kiinua mgongo kilivyokokotolewa chini ya sheria ya 1972. Mwaka 2007, katika shauri la Guru Jambheshwar University, Mahakama ya Juu ilisema 26 ni ya kiinua mgongo, wala haihusu fidia ya 25F. Kwa hiyo ni 15,000 gawanya kwa 30, mara 15, mara 4: rupia 30,000, ukiongeza 15,000 za notisi kama hakupewa. Pesa hizo zinatakiwa siku ile ile anayoachishwa. Mwajiri anayesema "njoo mwisho wa mwezi" ameshavunja sheria, hata kama mwishowe atalipa kila senti.

Sasa zile siku. Kwenye kuzihesabu, mahakama ilikuwa na busara tangu mapema. Shauri la Bharat Electronics la 1981 lilihusu mtu aliyefanya kazi kuanzia Desemba 1973 hadi Oktoba 1974, yaani hakutimiza hata miezi 12. Mahakama ilisema unarudi nyuma miezi 12 kutoka siku ya kuachishwa, ukikuta 240 basi yatosha. Mwaka 1985 benki ya American Express ilidai karani wake wa muda alifanya kazi siku 220 tu. Ukijumlisha Jumapili na sikukuu za malipo zilikuwa 275. Majaji walizijumlisha: siku ambayo mwajiri analazimika kuilipia ni siku ya kazi.

Halafu ikaja 2002, shauri la Range Forest Officer dhidi ya S.T. Hadimani. Kibarua wa idara ya misitu alisema amevuka siku 240 na akatoa hati ya kiapo. Mahakama ya Juu ikasema kiapo ni maneno yake mwenyewe yanayomfaa mwenyewe. Iko wapi stakabadhi ya mshahara? Iko wapi barua ya ajira? Maswali hayo yangemfaa karani wa benki. Kibarua wa kutwa hupewa pesa taslimu, hutia dole gumba kwenye daftari, na daftari hufungiwa ofisini.

Mwaka 2005, katika shauri la R.M. Yellatti, mahakama ililegeza. Mzigo ulibaki kwa mfanyakazi, lakini anaweza kuutua kwa kupanda kizimbani, kueleza, na kuomba mwajiri aamriwe kuleta madaftari ya mahudhurio na ya malipo. Katika shauri hilo idara ilileta madaftari nusunusu, na mfanyakazi alikuwa na cheti cha utumishi kutoka kwa mhandisi wa idara hiyo hiyo. Akashinda. Ila majaji waliongeza kwamba daftari kutoletwa, peke yake, si lazima kumwangukie mwajiri. Hapo ndipo ninapokataa. Ukificha daftari ambalo sheria inakutaka ulitunze, kwa nini ubaki na faida ya shaka?

Isitoshe, mahakama hiyo hiyo inajua kuhamisha mzigo ikitaka. Mwaka 2013, katika shauri la Deepali Gundu Surwase kuhusu malimbikizo ya mishahara (mishahara ya kipindi alichokuwa nje ya kazi), ilisema mfanyakazi akishatamka kwamba hakuwa na kazi nyingine, ni juu ya mwajiri kuthibitisha kwamba alikuwa nayo. Mantiki hiyo haina sababu ya kuishia kwenye malimbikizo.

Na hata ukishinda, tangu shauri la BSNL, kampuni ya simu ya serikali, la 2014 kibarua wa kutwa hatarajii sana kurudishwa kazini kwa kosa la utaratibu tu. Hoja ya majaji ni kwamba mwajiri angemrudisha leo, kesho akamlipa vizuri na kumwachisha tena. Katika shauri hilo wakampa rupia 300,000 badala ya kazi. Hoja haina kasoro kwenye karatasi, lakini imegeuza sheria kuwa bei. Walibakiza milango: kama walioajiriwa baada yake wamebakizwa yeye akatolewa, au kama uachishaji ulikuwa hila ya kuwanyima watu ajira ya kudumu, arudishwe. Wakili anayesahau kudai hayo tangu kwenye madai ya kwanza hawezi kuyachomeka kwenye rufaa.

Tangu 21 Novemba 2025 nafasi ya sheria ya 1947 imechukuliwa na Kanuni ya Mahusiano ya Viwandani ya 2020. Siku 240 zimebaki, siku 15 zimebaki. Kiwango cha kuomba kibali cha serikali kabla ya kupunguza watu kimepanda kutoka wafanyakazi 100 hadi 300, na muda wa kupeleka mgogoro wa kuachishwa umefupishwa kutoka miaka mitatu hadi miwili. Suala la nani athibitishe halikuguswa.

Mpaka liguswe, kibarua akusanye ushahidi angali kazini: michango ya mfuko wa akiba mwezi kwa mwezi, kadi ya ESI (bima ya serikali ya wafanyakazi), pasi ya getini, miamala ya benki, ujumbe wa msimamizi kwenye simu. Kwenye idara ya serikali aombe nakala ya daftari la mahudhurio kwa Sheria ya Haki ya Kupata Habari ya 2005. Ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Na ombi la kuamuru madaftari yaletwe lipelekwe kwa maandishi mahakama ya kazi, likitaja miezi yenyewe. Ombi la mdomo halionekani kwenye jalada, na jaji wa rufaa husoma jalada tu.