Nilivyounguza Gari Nikilifungia Kizima Moto

Moto ulianzia chini ya kiti cha dereva, pale pale nilipokuwa nachomelea kibebeo cha mtungi wa kuzima moto. Ndiyo, umesoma vizuri.

Kibebeo chenyewe si cha mapambo. Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa linalosimamia mbio za magari, zinataka kistahimili mshtuko wa 25 g, yaani mara 25 ya uzito wa kawaida, na mtungi ushikwe kwa mikanda ya chuma inayofunguka upesi, isiyopungua miwili. Piga hesabu: mtungi wa kilo 4, gari likigonga ukuta kwa kiwango hicho, unavuta kama mzigo wa kilo 100. Ukiufunga kwa vile vifungo vya plastiki vya kufungia nyaya, utamfikia dereva kabla ya moto wenyewe. Kwa hiyo nikaamua kuchomelea vipande vinne vya chuma kwenye sakafu ya gari, halafu nifunge kibebeo juu yake kwa bolti.

Maandalizi niliyafanya, tena kwa mbwembwe. Tangi la petroli nililitoa likaenda nje kabisa, mbali na gereji. Mipira ya mafuta nikaimwaga na kuiziba. Wengi husema tangi likiwa tupu hakuna hatari, kumbe tangi tupu ndilo la kuogopwa: mvuke wa petroli unashika moto ukiwa umechanganyika na hewa kwa kiasi cha asilimia 1.4 hadi 7.6 hivi, na mabaki yaliyobaki chini ya tangi yanatosha kabisa kufikisha hapo. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni kama paka hadi kwenye cheche ya mwisho wa chumba. Betri nikaifungua nikianza na waya wa hasi, kwa sababu ukianza na wa chanya na spana ikagusa bodi, unapata mwanga wa bure na spana yenye kovu. Kompyuta ya injini nikaichomoa. Kopo la dawa ya kusafishia breki nalo lilikaa nje: dawa yenye klorini ikikutana na mwale wa kuchomelea inatoa fosijini, gesi iliyoua watu kwenye mahandaki ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Chuma nilikifuta kwa asetoni kidogo, nikaacha kikauke, chupa ikatoka nje na matambara yake.

Kilichobaki ni mlinzi wa moto. Anayechomelea haoni. Kioo cheusi namba 10 cha kofia ya kuchomelea kinakuonyesha nukta moja ya chuma kilichoyeyuka, na dunia nzima iliyobaki ni usiku wa manane. Ndiyo maana anatakiwa mtu wa pili ambaye kazi yake ni kutazama kila kitu isipokuwa huo mwanga. Shemeji yangu alikuwa amekuja kututembelea, nikampa cheo. Alikipokea kwa unyenyekevu wa mtu aliyeteuliwa uwaziri.

Nikamwonyesha zana: blanketi la moto, chupa ya maji ya kupuliza ya lita 2, na mtungi wa poda wa kilo 6 ukutani. Nikashusha kofia yangu. Sikugeuka kumwangalia, na hilo ni kosa langu. Shemeji, kwa kuwa alimwona fundi amevaa kofia, naye akachukua ile kofia yangu ya zamani, ya kioo cheusi kisichobadilika, akaishusha mpaka kidevuni. Kwa hiyo gizani tulikuwa wawili, mmoja anachomelea, mwingine analinda.

Sasa kosa kubwa. Sakafu ya gari ni bati la unene wa kama milimita 1. Joto la kuchomelea halina habari na upande uliousafisha. Linapita hadi upande wa pili. Juu nilikwangua rangi hadi chuma king'ae, sentimita 10 kuzunguka kila alama. Chini kulikuwa na ile lami nyeusi ya kuzuia kutu, nene kama kidole, nayo ilitakiwa ikwanguliwe vivyo hivyo. Ila gari lilikuwa juu ya stendi fupi, na kukwangua chini kunataka ulale chali huku lami inakudondokea machoni. Nikajiambia, kwani vipande vyenyewe vinne tu.

Kipande cha kwanza kikaenda salama. Cha pili nikasikia:

"Shemeji, nasikia harufu ya barabara inayowekwa lami."

"Ni rangi tu inaungua, shemeji. Wewe linda."

"Nalinda."

Kipande cha tatu.

"Shemeji, miguu inapata joto."

"Vua jaketi."

Ukimya. Nikaanza cha nne.

"Shemeji, kuna mwanga unatoka chini ya gari. Huo nao ni wako?"

Nikainua kofia. Haukuwa wangu. Lami ilikuwa inawaka na kudondoka sakafuni matone matone, kila tone limebeba kimwali chake, kama mishumaa ya sherehe. Mkubwa sana? Hapana. Sahani ya chai ingeufunika. Lakini moto wa sahani, ukiwa chini ya gari ulilolijenga miaka mitatu, unaonekana kama mwisho wa dunia.

Hapo ndipo nilipogundua nilivyoutundika mtungi. Ulikuwa ukuta wa ndani kabisa, juu ya benchi, kwa sababu moja ya kitaalamu: hapo palikuwa na msumari. Mtungi hutundikwa karibu na mlango, ili anayeufuata awe tayari anaelekea nje, kisha arudi kwa hiari yake akiona moto unazimika na mgongo wake uko upande wa kutokea. Mimi ilinibidi niupite moto kwenda kuuchukua, halafu nisimame mahali ambapo moto ulikuwa kati yangu na mlango. Panya mwenyewe hujichimbia mashimo mawili.

Shemeji hakunisubiri. Aliinua kofia, akaona ndoo, akaikamata kwa mikono miwili. Ile ndoo ilikuwa na mafuta ya taa ninayooshea vyuma, yenye mfuniko, na kando yake ndoo nyingine ya maji ya rangi ile ile, saizi ile ile, bila hata herufi moja ya kuzitofautisha. Mafuta ya taa yakiwa yametulia hayawaki kirahisi, yanataka yafike nyuzi joto 38 au zaidi ndipo mvuke wake ushike. Ukiyarusha hewani yakavunjika matone juu ya ndimi za moto, hiyo habari ya nyuzi 38 inakwisha. Nilipiga kelele nisiyoijua. Alikuwa ameshafungua mfuniko. Akanusa, akanitazama, akaurudisha mfuniko taratibu na kuukandamiza pembeni kwa kidole gumba, pande zote, kama mtu anayefunga chombo cha chakula cha mgeni.

Mtungi mkononi, pini haitoki. Navuta, haitoki. Navuta kwa nguvu za kuzaliwa upya, haitoki. Wengi tunapatwa na hili kwa sababu ya woga: mkono wa kushoto unavuta pini, wa kulia umeshaminya vishikio, na vishikio vikiminywa vinaibana pini. Dawa ni kuuweka mtungi chini, uuache mkono wa kulia ulegee kabisa, uzungushe pini kukata kile kifungo cha plastiki, ndipo uvute. Shemeji ndiye aliyenipiga kofi la mkono, pini ikatoka yenyewe.

Kitabu kinasema simama mita 2 au 3, elekeza kwenye kitako cha moto, minya, fagia kushoto na kulia. Mimi nilisimama nusu mita, nikaelekeza ndani ya gari kupitia mlango, yaani juu ya sakafu, ilhali moto uko chini yake. Poda ikagonga bati ikanirudia usoni.

"Chini, shemeji, chini!" Mlinzi alikuwa ameanza kulinda.

Nikapiga magoti, nikapuliza chini. Moto ulizimika ndani ya sekunde mbili. Mtungi wa kilo 6 una kama sekunde 15 ndani yake, na mkono wangu haukupata habari kwamba kazi imekwisha. Nikaumaliza wote, katika gereji iliyofungwa dirisha. Hatukuonana tena. Tulitoka kwa kufuata sauti.

Mke wangu alifungua mlango wa jikoni akakuta watu wawili weupe pe, wanakohoa. Akamtazama kaka yake, akanitazama mimi.

"Nani alikuwa analinda?"

Shemeji akainua mkono.

Tukakaa nje tunanawa, tumeanza hata kutaniana. Hilo nalo ni kosa. Baada ya kuchomelea, mlinzi anatakiwa abaki pale pale nusu saa, na bora saa nzima. Poda inakata mwali lakini haipozi. Chuma kikiwa bado na joto, kinachofukuta kinajiwashia upya. Dakika ya 25 hivi, uzi mwembamba wa moshi ukaanza kutoka kwenye kizingiti cha mlango wa gari, mahali ambapo sikuchomelea kabisa. Ndani ya kile kizingiti kulikuwa na sponji ya kuzuia kelele, nami sikujua kwa kuwa sikuchungulia. Sponji hiyo ikiungua moshi wake una sianidi ndani, kwa hiyo si moshi wa kuusogelea ukiuonea huruma.

Mtungi mtupu. Shemeji hakusema neno. Alichukua ile chupa ya kupuliza maji, akashika pumzi, akaingia, akapachika ncha yake kwenye tundu dogo la kutolea maji chini ya kizingiti, akapiga pampu. Akatoka kuvuta hewa, akarudi. Lita 2, safari nne. Ikawa kwisha. Maji yanapoza, na kwa kitu kinachofukuta bila petroli karibu, hakuna kinachoyashinda.

Hasara ya moto: doa la lami la ukubwa wa kiganja. Hasara ya mtungi: siku kumi na moja za kusafisha poda. Chujio la hewa nilikuwa nimelitoa ili nilioshe, na koo nne za injini za kuvutia hewa zilikuwa wazi kama vifaranga wanaosubiri kulishwa. Silinda namba 3 vali yake ya kuingizia hewa ilikuwa imefunguka, ikala poda. Poda ya mitungi mingi ni fosfeti ya amonia. Ikivuta unyevu inakuwa tindikali, na aluminiamu inaipenda kuitafuna. Kwa hiyo injini haiwashwi hata kwa kujaribu. Unaanza kwa kufyonza ikiwa kavu, na mashine ya kufyonzea vumbi la nyumbani usiitumie, chujio lake linaziba na nyumba nzima inapata sehemu yake (mke wangu anaweza kuthibitisha). Kisha unafuta kwa maji yenye magadi ya kuokea kuiua ile tindikali, unasuuza, unakausha, na kila soketi ya umeme unaichomoa na kuisafisha moja moja. Silinda hedi, yaani kifuniko cha juu cha injini, ilishuka. Poda niliikuta mpaka ndani ya saa ya kuonyesha joto la oili, ambayo mtengenezaji anasema haipitishi hata maji.

Sasa karibu na mlango kuna mtungi wa povu wa lita 6 kwa ajili ya mafuta na vitu vinavyofukuta, na kando yake wa kaboni dayoksaidi wa kilo 5 kwa moto wa umeme na wa injini, kwa kuwa hauachi uchafu, ingawa nao haupozi na katika chumba kilichofungwa unakula hewa yako. Wa poda uko nje ya mlango, kama mbwa mkali: anahitajika, lakini haingii ndani ovyo. Ndoo ya mafuta ya taa imekuwa pipa jekundu la chuma lenye mfuniko unaojifunga wenyewe.

Na vile vipande vinne nilivikata. Nikatoboa matundu, nikaweka bolti nne za M8 (unene wa milimita 8) zenye bamba la chuma upande wa chini, bila kuchomelea chochote. Siku ya kufunga nikamwita shemeji anishikie spana. Nikaingia chini ya gari, nikamwita, kimya. Nikachungulia. Amesimama mlangoni, chupa ya maji mkononi, kofia ameishusha mpaka kidevuni.

"Shemeji, leo hatuchomelei."

"Najua," akasema ndani ya kofia. "Endelea tu. Nalinda."