Akechi Mitsuhide alitumwa, au alijituma?

Usiku wa kuamkia 21 Juni 1582, jemadari wa Kijapani Akechi Mitsuhide alikuwa na askari wapatao 13,000 na amri ya kwenda magharibi kumsaidia jemadari mwenzake Hideyoshi, aliyekuwa ameizingira ngome ya Takamatsu ya ukoo wa Mōri. Akageuza njia. Alfajiri aliingia Kyoto na kulizunguka hekalu la Honnō-ji, alimolala bwana wake, Oda Nobunaga, mbabe wa vita aliyekaribia kuitia Japani yote mkononi. Nobunaga alijiua hekalu likiwaka moto, na maiti yake haikupatikana.

Sababu inayopendwa zaidi ni kinyongo. Mmisionari Luís Fróis aliandika kwamba Nobunaga alimpiga teke Mitsuhide faraghani, walipokuwa wakiandaa mapokezi ya Tokugawa Ieyasu, mshirika wa Nobunaga. Fróis mwenyewe wakati huo alikuwa mbali, katika kisiwa cha Kyushu. Kisa kingine, kwamba mama yake Mitsuhide aliuawa akiwa mateka kwa kosa la Nobunaga, kiliandikwa baadaye sana na mimi sikipi uzito. (Shahidi ambaye ningependa kumsikia ni Yasuke, Mwafrika anayesemekana kutoka Msumbiji, aliyepigana siku ile upande wa Oda. Mitsuhide aliagiza asiuawe, apelekwe kwa mapadri. Neno lake halikutufikia.)

Wengine wanasema kulikuwa na mkono wa mtu nyuma yake, na ushahidi wao si wa kupuuzwa. Mwaka 2017 mtafiti mmoja wa Japani alitangaza kwamba barua ya Mitsuhide iliyojulikana kwa nakala ni yake halisi. Ndani yake anaunga mkono kurudi Kyoto kwa shoguni (mtawala wa kijeshi) Ashikaga Yoshiaki, aliyefukuzwa na Nobunaga mwaka 1573 na kuhifadhiwa na Mōri. Ila barua hiyo iliandikwa siku 10 baada ya mauaji, Mitsuhide akiwa anatafuta marafiki kwa udi na uvumba. Na kama Mōri walikuwa ndani ya njama, mbona walifanya suluhu na Hideyoshi siku chache tu baada ya tukio, wakamwachia njia arudi? Hideyoshi huyohuyo ndiye aliyemponda Mitsuhide huko Yamazaki tarehe 2 Julai.

Mimi naegemea sababu iliyotokana na kisiwa cha Shikoku. Mitsuhide ndiye aliyekuwa kiungo kati ya Nobunaga na Chōsokabe Motochika, mtawala aliyekuwa akikiteka kisiwa hicho. Nobunaga akabadili msimamo, akakusanya jeshi la kumvamia. Barua zilizotangazwa mwaka 2014 zinaonyesha Motochika akimwandikia Saitō Toshimitsu, msaidizi wa Mitsuhide, kwamba yuko tayari kutii. Kwa hiyo heshima ya Mitsuhide ilikuwa inaporomoka wakati uleule Nobunaga alipolala Kyoto bila jeshi. Tena alikwisha kuona mwaka 1580 Sakuma Nobumori, jemadari mkongwe, akifukuzwa kama mtu asiye na faida.

Kinachonishawishi zaidi ni barua yake kwa Hosokawa Fujitaka, siku 7 baada ya mauaji. Anambembeleza, anasema alitenda kwa ajili ya Tadaoki, mtoto wa Fujitaka na mume wa binti ya Mitsuhide, na anaahidi kung'atuka mambo yakitulia. Mtu mwenye njama iliyosukwa mapema angeanza na wakwe zake. Hawa walikuwa wamenyoa nywele kumwomboleza Nobunaga, na hawakumpa hata askari mmoja.