Mate yapimwe, lakini fizi zitazamwe kwanza

Mgonjwa wa kisukari akifika kliniki hapa Kisumu atachomwa kidole apimwe sukari, atapanda mizani, atapimwa presha, na akibahatika ataulizwa habari za macho na nyayo. Kliniki ninazozijua, ni nadra kumsikia mtu akiambiwa, “Hebu fungua kinywa.” Jambo hili linaniudhi, kwa sababu kisukari na ugonjwa sugu wa fizi huchocheana. Mapitio ya 2022 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua tafiti za tiba kwa pamoja, yalionyesha kwamba kutibu fizi za mwenye kisukari hushusha kipimo chake cha sukari ya muda mrefu, HbA1c, kwa takriban asilimia 0.4 ndani ya miezi mitatu hivi. Kwa kazi iliyofanyika kinywani tu, hiyo si haba.

Kwa hiyo nikisoma kwamba siku moja ugonjwa wa fizi utatambuliwa kwa mate, nafurahi, lakini moyo hautulii.

Bakteria hujificha chini ya ufizi, na mwili hutuma chembe nyeupe za damu kuwakabili. Silaha ya chembe hizo ni molekuli kali za oksijeni. Zinaua bakteria kweli, ila zikizidi kuliko uwezo wa mwili wa kuzizima, haziwabagui wenyeji: zinaharibu mafuta ya kuta za seli, zinatoboa DNA, na polepole nyuzi na mfupa unaoshikilia jino vinaliwa. Huo ndio msongo wa oksidesheni, na dalili zake huingia kwenye mate. Mafuta yaliyoharibika huacha malondialdehaidi. DNA iliyojeruhiwa huacha kitu kiitwacho 8-OHdG. Upande wa ulinzi yupo glutathioni, na ipo asidi ya yuriki, ile ile inayoleta jongo ikizidi mwilini. Kwenye mate asidi hiyo ndiyo mlinzi mkuu.

Tafiti nyingi zimekuta viashiria vya uharibifu viko juu kwa wagonjwa wa fizi kuliko kwa wazima, na mara nyingi hushuka meno yakisha kukwanguliwa mpaka kwenye mizizi. Hapo ndipo naona faida yake kubwa: kujua kama matibabu yameshika, kabla jino halijaanza kucheza. Upande wa ulinzi majibu hayajakubaliana vizuri.

Wasiwasi wangu ni huu. Malondialdehaidi haina anwani. Sigara huipandisha, kisukari chenyewe huipandisha. Fizi zinazovuja damu huchafua sampuli, kwani damu huja na viashiria vyake. Na kukusanya mate si kutema tu. Mtu huja asubuhi hajala wala hajapiga mswaki, anainamisha kichwa na kuyaacha mate yatiririke yenyewe kwenye kichupa kwa dakika kama tano. Kichupa kinawekwa kwenye barafu, kinazungushwa kwenye mashine, kisha sampuli inagandishwa, mara nyingi nyuzi 80 chini ya sifuri. Stima ikipotea usiku na jenereta isiwake, kazi yote inaweza kuharibika.

Mtu ataniambia watu wa huku wamezoea vipimo vya kinywani, na ni kweli. Tangu 2017 Wakenya wamekuwa wakijipima virusi vya UKIMWI kwa kupitisha kijiti kwenye fizi, na kanda ya ziwa inakijua kijiti hicho vizuri. Lakini kile kinatafuta kingamwili: zipo au hazipo. Msongo wa oksidesheni kila mtu anao kwa kiasi chake, mgonjwa na mzima, na mpaka kati yao hakuna aliyeuweka ukakubalika kwa kazi ya kliniki. Atakayeleta kipimo cha namna hii sokoni Kibuye leo akidai kinatambua ugonjwa, asinunuliwe.

Na tusisahau tulikotoka. Wajaluo wa zamani walitolewa meno sita ya mbele ya chini kwa mila, na waliopitia hayo walijua sababu ya pengo lao. Mzee wa leo mwenye mapengo huenda ameyapata kwa fizi zilizovuja miaka na miaka akidhani ni mswaki mgumu, na majirani wakisema ni umri. Si umri. Umri peke yake hauli mfupa wa jino.

Ninachotaka kwa serikali ya kaunti ni kidogo sana kuliko maabara. Kila kliniki ya kisukari iwe na kijiti cha chuma chenye alama za milimita, na mtu aliyefundishwa kukipitisha pembeni mwa jino. Kikizama milimita tatu kati ya ufizi na jino bila damu, sawa. Nne kwenda juu na damu inatoka, aende kwa daktari wa meno, na kadi yake iandikwe. Watafiti wa vyuo vyetu nao wachukue mate ya watu hao hao, kabla na baada ya matibabu, wakiandika nani anavuta sigara, sukari yake ni ngapi na sampuli ilichukuliwa saa ngapi. Nambari za malondialdehaidi zikiwa kando ya kina cha fizi cha mtu yule yule, hapo tutakuwa na cha kujadili.