Hiari ya Mgonjwa Anayejiona Mzigo

Kila panapozungumzwa suala la kumruhusu daktari amsaidie mgonjwa asiyetarajiwa kupona kukatisha uhai wake, sisi watu wa Kusini mwa Tanzania tunaopinga huhesabiwa kuwa hatuna hoja ila dini. Dini ni hoja, na siikimbii. Lakini ipo nyingine ambayo hata asiyesali inampasa aipime.

Wanaotetea ruhusa hiyo hawana roho mbaya. Aliyewahi kukesha na mgonjwa wa saratani hawezi kuwabeza, na sheria ya Oregon, Marekani, inayotumika tangu mwaka 1997, ina mipaka yake: mgonjwa awe na akili timamu, madaktari wawili wathibitishe kwamba amebakiza miezi sita au pungufu, na dawa ainywe mwenyewe. Ila kwa upande wa maumivu, jirani zetu wa Uganda waliwaruhusu wauguzi wenye mafunzo maalumu kuwaandikia wagonjwa mofini, dawa kali ya maumivu, tangu mwaka 2004, na mofini ya kunywa humtuliza mgonjwa bila kumwua.

Kinachoninyima usingizi ni takwimu za Oregon kwenyewe. Kati ya waliotumia sheria hiyo, wanaotaja maumivu, au hofu ya maumivu, kuwa sababu yao ni kama theluthi moja au chini yake. Wanaotaja kuwa mzigo kwa familia na wanaowauguza hukaribia nusu. Hao ni watu wa nchi tajiri, wengi wao wenye bima. Watetezi hujibu kwamba kutotaka kuwalemea watoto ni matakwa halali kama mengine. Ningelikubali jibu hilo kama sheria hiyo isingefika kwetu Tandahimba, ambako matibabu mara nyingi hulipwa kwa korosho ambazo bado ziko mtini.

Huko ndiko nilikomuuguza mama mkubwa. Kila mwanawe alipoingia na fedha ya kangomba, ya korosho zilizouzwa kwa bei ya kutupa kabla ya msimu, alimwuliza, "Umetoa kilo ngapi?" Akishajibiwa aligeukia ukutani, na uji wa siku hiyo ulipoa kikombeni. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba amewachosha. Daktari angemwuliza, kama sheria ile inavyotaka, iwapo anaamua kwa hiari yake, angejibu ndiyo, na angejibu kwa dhati, kwa kuwa hesabu ya zile kilo alikuwa ameshaipiga mwenyewe.