Uhaba wa bidhaa nyumbani: umbali unalaumiwa bure

Februari 2022, kiwanda cha kampuni ya Abbott mjini Sturgis, katika jimbo la Michigan nchini Marekani, kilisimamisha uzalishaji wa maziwa ya unga ya watoto wachanga baada ya wakaguzi kukuta bakteria hatari kiwandani humo. Kufikia Mei, wazazi walikuwa wakizunguka duka baada ya duka. Anayebahatika kupata kopo anakuta ameshawekewa kikomo cha idadi. Nyumbani anahesabu vijiko vilivyobaki, na madaktari wanamwonya asizidishe maji ili unga ufike mbali, maana maji yakizidi huvuruga chumvi katika mwili wa mtoto.

Naanza na kisa hiki kwa sababu kinatibua hoja tuliyoizoea. Tangu 2020 tunaambiwa kwamba rafu hubaki tupu kwa kuwa tunategemea viwanda vya mbali, na kwamba dawa ni kila nchi kujitengenezea vyake. Maziwa yale yalikuwa karibu yote yametengenezwa Marekani kwenyewe. Ushuru na masharti ya lebo viliyaweka ya nje kando, na kampuni nne hivi zilishika karibu soko zima. Mlango mmoja ulipofungwa, wa pili haukuwepo. Mwishowe serikali iliyaleta maziwa kutoka Ulaya kwa ndege, ya kwanza ikiwa ya jeshi.

Hata hivyo, wanaotaka kujitosheleza wana sababu zao, tena nzito. Tarehe 23 Machi 2021 meli ya Ever Given, yenye urefu wa mita 400, ilikwama na kuukingama Mfereji wa Suez kwa siku 6, katika njia inayopitisha takriban asilimia 12 ya biashara ya dunia. Kuanzia mwishoni mwa 2023, mashambulizi ya Wahouthi, wapiganaji wa Yemen, katika Bahari ya Shamu yalizilazimu meli nyingi kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika, safari iliyoongezeka kwa siku 10 hivi. Mafuta ya kupikia ndiyo yaliyoonyesha hatari hii waziwazi. Ukraine ilikuwa ikiuza karibu nusu ya mafuta ya alizeti yanayovuka mipaka duniani. Vita vilipoanza 2022, bandari zake zikafungwa. Wanunuzi wakakimbilia mawese, na Aprili mwaka huohuo Indonesia, mzalishaji mkubwa kuliko wote, ikazuia kuuza mawese nje kwa wiki tatu na ushei ili bei ishuke kwa wananchi wake. Siwezi kuilaumu serikali kwa kutanguliza watu wake. Lakini kila nchi ikifanya hivyo, anayeumia ni yule asiye na shamba wala kinu.

Karatasi za chooni nazo zina somo lao. Ni bidhaa nyepesi inayokula nafasi, na kwa sababu hiyo mara nyingi hutengenezwa karibu na anayeitumia. Mbona zilitoweka 2020? Kwa sababu ya UVIKO-19, watu waliacha kwenda ofisini na shuleni, wakabaki nyumbani. Roli ya ofisini ni pana kama sahani, karatasi yake nyembamba, na haiingii kwenye kishikio cha nyumbani. Ina mashine yake, vifungashio vyake na mikataba yake. Viwanda vya roli za nyumbani tayari vilikuwa vikifanya kazi usiku na mchana. Hapo hofu ikaingia. Familia moja ikiongeza pakiti moja, hakuna anayeona. Zikiongeza zote wiki ileile, duka huagiza mara mbili, mwenye jumla naye huongeza juu yake, na kiwanda huletewa oda zisizolingana na matumizi ya mtu yeyote. Simlaumu aliyenunua ya ziada, maana aliona rafu inaisha. Uchungu wangu uko kwa yule anayenunua kidogo kidogo kadiri pesa inavyopatikana, ambaye alifika na kukuta wenzake wamemaliza.

Nionavyo mimi, kinachotuponza ni kukosa akiba na kutegemea mlango mmoja, uwe karibu au mbali. Akiba haiozi, tunasema, lakini mwenye ghala anajua kwamba unga una tarehe ya mwisho na kodi ya ghala haisubiri. Mfumo wa kuleta vifaa pale tu vinapohitajika, ulioanzia Toyota, umesaidia kushusha bei za vitu vingi. Toyota yenyewe, baada ya tetemeko la 2011 nchini Japani, iliwataka wauzaji wake waweke akiba ya miezi kadhaa ya chipu, vile vipande vidogo vya kielektroniki vinavyoendesha mifumo ya gari. Mwanzoni mwa 2021, wenzake waliposimamisha mitambo kwa kukosa chipu, yenyewe iliendelea. Ilipofika Septemba nayo ikapunguza uzalishaji kwa asilimia 40. Akiba iliinunulia muda, basi.

Muda huo una gharama, na kampuni inayoubeba peke yake hushindwa bei na isiyoubeba. Uswisi huwalazimisha waagizaji wa vyakula vikuu, mafuta na dawa kuweka akiba ya miezi kadhaa, na gharama yake huishia kwa mnunuzi, hata katika miaka ambayo hakuna kilichoadimika. Kwa dawa na maziwa ya watoto, bei hiyo naiona ni halali kabisa, mradi watengenezaji wawe wengi. Kwa magari na televisheni, tunaweza kusubiri meli.