Nani alipie CPA ya mtoto wa Umoja?

Wenzangu tuliokuwa tukikagua nao vitabu vya hesabu Westlands, Nairobi, wakinipata kwenye WhatsApp, swali huwa moja: unalipwa ngapi huko? Nikitaja mshahara wa mwanagenzi wa uhasibu, yaani anayejifunza kazi akiwa kazini, hapa Leeds, Uingereza, wanaugeuza kuwa shilingi, wanashangilia, halafu wanaomba ya chai. Hawajui kwamba mwaka wangu wa kwanza wa uanagenzi kodi ya nyumba ililipwa na mke wangu, ambaye ni muuguzi, na kwamba jirani yetu anayetunza wazee alinizidi mshahara. Sheria ya Uingereza yenyewe inaruhusu mwanagenzi wa mwaka wa kwanza alipwe chini ya wengine. Aprili 2025 kima chake cha chini kiliwekwa pauni 7.55 kwa saa, wakati mtu wa miaka 21 kwenda juu aliwekewa pauni 12.21. Kampuni kubwa za ukaguzi hulipa kupita hapo, sikatai, lakini si hela za kukujengea ghorofa Ruiru.

Swali ambalo hawajawahi kuniuliza ni nani aliyelipia mitihani yangu.

Nilipokuwa Nairobi jibu lilikuwa mama. Alikopa kwenye sacco, akalipa ada ya kasneb, bodi ya mitihani ya uhasibu ya Kenya, akalipa chuo cha jioni mjini, na vitabu vikawa vya kutoa kopi. Kasneb, tangu ianzishwe 1969, imefungulia watu wengi mlango: ukiwa na C+ ya kidato cha nne, unaruhusiwa kujiandikisha kwa CPA, mitihani ya uhasibu kamili, uwe mtoto wa waziri au wa mama mboga. Hilo ni jambo jema na sitaki kulidharau. Shida ni mlango wa pili, wa kampuni zenyewe. Soma tangazo lolote la kazi ya ukaguzi kutoka zile ofisi za Waiyaki Way na Upper Hill: digrii, tena daraja la pili la juu, CPA ikiwa imekamilika au inakaribia, na mwenye uzoefu atapewa kipaumbele. Uzoefu autoe wapi mtoto ambaye hamjampa kazi?

Mimi niliingilia kwenye atachimenti, yale mafunzo ya muda ya kazini, nikiwa nalipwa nauli tu, kisha wakanipa mkataba. Mwaka wa benki nyingi huisha Desemba na hesabu zilizokaguliwa lazima zichapishwe kabla ya Machi kwisha, kwa hiyo kuanzia Januari hakuna anayejua jua linatua saa ngapi. Nilikuwa natoka kwa mteja usiku, nasomea kwenye matatu ya kwetu, mtaa wa Umoja, chini ya taa ya bluu huku muziki ukitikisa viti. Ukimwomba meneja siku mbili za kujiandaa kwa mtihani, anakutazama kama mtu aliyetangaza kuacha kazi. Kisha hela za mama zikaisha na CPA ikakwama katikati.

Najua zipo kampuni Nairobi zinazorudisha ada ya mtihani ukifaulu. Nazisifu nusu. Anayerudishiwa ni yule aliyekuwa nazo tangu mwanzo.

Huku Uingereza mambo yamepinduliwa. Kijana wa miaka 18, hajaonja chuo kikuu, anaajiriwa kwanza na mitihani anaikuta ndani. Msifikiri ni wema wa Wazungu. Tangu Aprili 2017 mwajiri mkubwa anakatwa tozo ya asilimia 0.5 ya mishahara anayolipa kupita pauni milioni 3 kwa mwaka. Fedha hizo anawekewa kwenye akaunti maalumu: azitumie kufundisha wanagenzi, la sivyo baada ya muda zinachukuliwa. Mhasibu gani atakubali hela zake ziozee hapo? Kwa uanagenzi wa daraja la 7, ule unaokufikisha kwenye uhasibu kamili, kikomo cha ufadhili ni pauni 21,000 kwa mwanafunzi mmoja. Kwa walioanza kabla ya Agosti 2025, angalau saa 6 za kazi kwa wiki ni za masomo, na hizo zinahesabiwa katika mshahara. Nilipoanza, taasisi ya wahasibu ya huku, ICAEW, ilidai mitihani 15 na siku 450 za kazi iliyoandikwa kwenye daftari la kumbukumbu, na kila miezi sita msimamizi anakaa nawe kukuuliza umejifunza nini. Nikiondoka kesho, mwajiri haruhusiwi kunidai gharama hiyo ya mafunzo.

Kenya nasi tuna tozo ya mafunzo, ile ya NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani. Ni shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, hela ambayo ikinyesha jioni haikutoi barabara ya Tom Mboya mjini kukufikisha Umoja. Nipige hesabu, maana ndiyo kazi yangu. Kampuni ya Uingereza yenye mishahara ya pauni milioni 50 inatozwa pauni 235,000 kwa mwaka. Kampuni ya Nairobi yenye wafanyakazi 1,000 inatoa shilingi 600,000, iwe mishahara yake ni minono au ya kukonda. Hizo 600,000 zikigawiwa hao watu 1,000, kila mmoja anafundishwa kwa shilingi 600 kwa mwaka mzima. Tofauti inayobaki inalipwa na sacco za kina mama wetu, na kampuni zinavuna mtu aliyekwisha kuiva.

Lakini msinisome kana kwamba nimesahau nilikofunzwa kazi. Ukaguzi wenyewe, kule kushuku na kutazama, niliupata Nairobi, na mwalimu wangu mkubwa hakuwa mkaguzi. Ilikuwa tarehe 31 Desemba, tumetumwa kushuhudia hesabu ya mali katika ghala moja karibu na Enterprise Road. Katoni za sabuni zimepangwa hadi karibu na mabati. Nikaanza kuhesabu za mbele: upana, urefu, kina, nazidisha, naandika. Mwangalizi wa stoo, mzee wa Machakos mwenye koti la kijivu, akaniangalia, akacheka.

“Kijana, hivyo ndivyo unavyohesabu?”

“Ndiyo, Mzee.”

“Panda juu.”

Nikapanda ngazi na suruali yangu ya ofisini. Katikati ya lile rundo palikuwa na shimo la kutosha mtu kulala. Hakuna aliyekuwa ameiba. Vijana wa stoo walikuwa wakichota katoni za katikati kwa sababu wakizitoa pembeni rundo linaanguka. Mzee mwenyewe alikuwa amelitoa shimo hilo kwenye hesabu yake. Mimi ndiye ningeandika sabuni ambayo haipo. Kisha akanifundisha kuandika namba ya hati ya mwisho ya mzigo uliotoka kabla ya saa sita ya usiku, ili mwezi Februari mtu asiniletee mauzo ya Januari akiyaita ya mwaka uliopita. Nilikuja kuyakuta hayo yote katika kitabu cha mitihani, sura nzima, maelezo marefu, bila ngazi.

Huku nilipelekwa kwenye ghala la vyakula vilivyogandishwa, baridi ya kukausha kope, mwenzangu wa miaka 19 akisoma lebo za mbele na kubonyeza kishikwambi. Nikamwomba dereva wa foklifti ashushe safu ya juu. Alinung'unika, akashusha. Rundo lilikuwa limejaa sawasawa. Mwenzangu akaniuliza nilikuwa natafuta nini, nikamwambia shimo.

Yule kijana ni hodari kuliko nilivyokuwa mimi katika umri wake, hasa kwenye kompyuta. Ila sehemu kubwa ya kazi ya chini, ya kulinganisha vocha na risiti, kampuni kubwa zimeihamishia kwenye vituo vyao vya India, kwa hiyo anaweza kuwa mhasibu kamili bila kushika risiti iliyochafuka mafuta. Na huruma usiitafute: kampuni nyingi, ukianguka mtihani na ukaanguka tena kwenye marudio, mkataba umekwisha. Nimeona dawati likisafishwa siku matokeo yalipotoka. Nairobi ningeanguka nikaendelea kufanya kazi, kwa sababu mtihani ulikuwa shauri langu na mama.

Kwa wale wanaotaka kunifuata, niseme kwa ufupi. Mgeni hafadhiliwi uanagenzi siku anayoshuka uwanja wa ndege. Kwa kawaida lazima awe ameishi hapa miaka mitatu kwa kibali kisicho cha masomo. Mimi nilikuja na mke wangu na nilipanga maboksi usiku muda huo wote. Na tangu Januari 2026, ufadhili wa hiyo daraja la 7 kwa wanaoanza umebaki kwa wa miaka 16 hadi 21, isipokuwa makundi machache. Mtu wa rika langu angeomba leo asingefadhiliwa. Kwa hiyo ajenti wa mjini anayekuuzia “viza ya uanagenzi” mwombe akuonyeshe sheria inayoiruhusu kabla hujauza shamba.

Ninachokitaka ni Nairobi ifanye hesabu yake. Tozo ya NITA iache kuhesabu vichwa, ihesabu mishahara, na ofisi kubwa za ukaguzi zichukue watoto wenye C+ moja kwa moja kutoka kidato cha nne, ziwalipie kasneb, ziwape alasiri moja kwa wiki ya kusoma. Nilimwandikia haya rafiki yangu mmoja ambaye sasa ni meneja mkubwa huko nyumbani. Akanijibu kwa sauti ndefu ya WhatsApp, honi za Waiyaki Way zikisikika nyuma yake: “Ndugu yangu, tukiwalipia watatukimbia. Watakuja huko kwenu.”

Nikamwambia mimi hamkunilipia hata karatasi moja, na bado niliondoka.

Akacheka, akasema nimpe muda, tuzungumze baada ya Machi, benki zikishachapisha hesabu. Hapo nilimwelewa kabisa.