Deki Iliyoingia Nyumbani kwa Kazi Nyingine

Mfumo mpya wa video unapoingia sokoni, wanunuzi wa mwanzo hufuata nini: ubora wa picha, bei ya deki, au filamu zilizopo? Ushindani wa HD DVD na Blu-ray, mifumo miwili ya diski za filamu zenye picha kali (HD) kuliko DVD, kati ya 2006 na 2008, unatupa mfano mzuri. Nikiutazama, naona jambo la nne lililozidi hayo yote: mashine ambayo mtu aliinunua kwa kazi nyingine.

Toshiba ilitangulia. Aprili 2006 deki yake ya kwanza ya HD DVD ilifika madukani Marekani kwa dola 499. Miezi miwili baadaye Samsung ikaleta deki ya Blu-ray kwa dola 999, na picha za baadhi ya diski za mwanzo zikakosolewa vikali. HD DVD ilikuwa pia na diski za pande mbili: ukiigeuza, upande wa pili ni DVD ya kawaida inayocheza kwenye deki ya zamani. Kwa mnunuzi mwenye wasiwasi hiyo ilikuwa kinga ya maana.

Novemba mwaka huohuo ikaja PlayStation 3, mashine ya gemu ya Sony. Toleo lake la bei ya chini Marekani lilikuwa dola 499, na Blu-ray ilikuwemo ndani tayari. Microsoft kwa upande wake ilikiuza kando kisomaji cha HD DVD cha kuchomeka kwenye Xbox 360, mashine yake ya gemu, kwa takriban dola 200 juu ya bei ya mashine. Tofauti hiyo ndiyo ninayoipa uzito. Fikiria kijana aliyenunua mashine ya gemu. Jumamosi jioni baba yake anaingiza diski ya filamu, anaiongoza kwa pedi ya gemu kwa kuwa rimoti inauzwa kivyake, na picha inatoka safi kabisa. Nyumba hiyo imehamia Blu-ray bila mtu kukaa chini na kuamua.

Watetezi wa HD DVD walikuwa na hoja ambayo siidharau. Walisema mwenye mashine ya gemu si mnunuzi wa filamu, na kwamba aliyenunua deki kwa ajili ya filamu tu ndiye anunuaye diski nyingi. Kwa wastani wa kila mashine walikuwa sahihi. Ila PlayStation 3 zilikuwa nyingi mno. Hata kama wengi wa wenye mashine hizo hawakununua filamu, waliobaki walitosha. Blockbuster, kampuni ya Marekani ya kukodisha filamu, ilipojaribu kukodisha mifumo yote miwili katika maduka 250, asilimia 70 ya diski hizo zilizokodiwa zilikuwa Blu-ray.

Bei nayo ilijaribiwa mpaka mwisho. Novemba 2007 Wal-Mart iliuza deki ya Toshiba chini ya dola 100. Haikusaidia: Januari 4, 2008 Warner Bros., studio ya filamu iliyokuwa ikitoa filamu kwa mifumo yote miwili, ilitangaza itabaki na Blu-ray peke yake, na Februari 19 Toshiba ikasalimu amri. Wanaosema filamu ndizo zinazouza mfumo huishika tarehe hiyo ya Januari. Mimi naona Warner ilifuata diski zilikokuwa zikiuzika tayari.

Hata hivyo hoja yangu haifiki kila mahali. Afrika Mashariki VCD, aina ya diski ya video, ilienea bila kubebwa na mashine yoyote ya gemu. Picha yake ilikuwa hafifu kuliko ya DVD, na filamu moja ilikaa kwenye diski mbili, ukainuka katikati kubadilisha. Lakini deki yake ilikuwa ya bei nafuu, diski zilikuwa za bei nafuu, na ilitosha kuichomeka kwenye runinga ileile iliyokuwapo sebuleni. Deki ya Toshiba haikuwa na unafuu wa namna hiyo. Ili uone tofauti yake na DVD, ulihitaji kwanza runinga ya HD, na hiyo ilikuwa bado inauzwa kwa mamia ya dola.